Picha zako za Kigoma: maoni ya mwenzako aliyetangulia

Mdogo wangu, picha 40 ulizoniletea baada ya safari yako ya Kigoma nimezitazama moja moja, na kabla ya yote napenda ujue kwamba jicho la kuchagua unalo. Kinachokutatiza ni mwanga, nao ulinitatiza vilevile mwaka wangu wa kwanza wa kushika kamera.

Chukua ile ya akina mama wanaoanika dagaa katika ufukwe wa Kibirizi. Umeipiga saa saba mchana, jua likiwa utosini, mchanga na dagaa vinameta, lakini nyuso za akina mama zimekuwa giza tupu. Kamera inapopima mwanga huchukulia kwamba mandhari yote ina weupe wa wastani. Ikikutana na weupe mwingi hupunguza mwanga, na aliye kivulini hupotea. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kisogeze hadi +1, kisha uikague picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera kabla hujaondoka. Ndani ya msitu wa Gombe, sokwe akijaza picha, utafanya kinyume, usogeze upande wa kutoa, kwa kuwa manyoya yake meusi huifanya kamera iongeze mwanga hadi yaonekane ya kijivu. Na kwa kuwa msituni mwanga ni mdogo, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 au hata 3200, na flashi uizime kabisa, kwani hairuhusiwi mbele ya sokwe.

Hata hivyo, kuchagua saa kunasaidia kuliko kitufe chochote. Mji wa Kigoma umeelekea magharibi, vilima vikiwa nyuma yake na Ziwa Tanganyika mbele, kwa hiyo kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni nuru laini huja ikitokea upande wa Kongo na kumwangaza usoni kila anayetazama ziwa. Mimi nilimaliza jioni tatu Kibirizi nikipiga jua linalozama tu, mpaka fundi mmoja wa mitumbwi, mzee wa makamo, aliponiuliza kwa nini kila siku ninampa mgongo. Nilipogeuka, nikaona nuru yote niliyokuwa nikiifukuza imetulia usoni mwake na juu ya mbao alizokuwa akizichonga. Nilimwomba ruhusa, akakubali, na picha ile ndiyo pekee niliyoihifadhi katika safari hiyo. (Kuomba ruhusa, na salamu kabla yake, usiache hata siku moja.)

Za Ujiji, kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley kukutana mwaka 1871, ziko 11 zinazofanana, bakiza moja.

Utakaporudi, epuka siku za mbalamwezi, maana wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili taa zao zivute samaki. Fika ufukweni saa kumi na moja jioni, lipe ziwa mgongo, piga watu wakitayarisha nyavu na taa, kisha uniletee picha nne tu.