Vidole vya mguu vilivyoshikana: yajueni haya kabla ya upasuaji

Mtoto akizaliwa na kidole cha pili na cha tatu cha mguu vimeshikana kwa ngozi, mara nyingi hana anachopungukiwa. Atasimama kwa wakati wake na atakimbia mchangani Mikindani kama wenzake. Hivyo viwili ndivyo vinavyoshikana zaidi, na ukiuliza ndani ya ukoo si ajabu baba au shangazi naye anavyo. Wazazi wengi wa namna hii tunawashauri waviache. Upasuaji huacha kovu, na kovu linaweza kuuma au kuvuta kidole pale ambapo hapakuwa na shida yoyote.

Wa kupelekwa hospitali ni yule ambaye kidole kinapinda kwa kuvutwa na mwenzake, mwenye fangasi au vidonda visivyoisha kwenye mkunjo, au aliyeungua kwa maji ya moto vidole vikashikana kwa kovu. Vikiwa vya mkono, msingoje, kwa kuwa mkono unahitaji kila kidole kifanye kazi yake. Anzeni hospitali ya wilaya, mpate rufaa ya Ligula pale Mtwara, ya Sokoine pale Lindi, au Hospitali ya Kanda ya Kusini, na muulize siku ya kliniki ya upasuaji. Kesi ngumu hupelekwa Dar es Salaam. Mtoto wa chini ya miaka 5 ana msamaha wa malipo kisera kwenye vituo vya serikali, lakini ulizeni mapema kama unagusa na vifaa vya upasuaji.

Tunaomba sana: asikatwe na ngariba wala mtu yeyote mwenye wembe, na asifungwe uzi. Mishipa ya damu na ya fahamu inapita ubavuni mwa kila kidole, palepale wembe unapopita. Tena vidonda viwili vibichi vikilaliana hushikana upya, safari hii kwa kovu gumu.

Kukata si kazi kubwa. Kazi ni ngozi ya kufunika. Chukulia vidole viwili vyenye kipenyo cha sentimita 1 kila kimoja. Uzi wa kuvizungusha pamoja ni kama sentimita 5.1, lakini kimoja kimoja ni 3.1, jumla karibu 6.3. Hiyo sentimita moja na ushei ya ngozi haipo mguuni. Kwa hiyo baada ya eksirei kuonyesha kama mifupa imeungana, na mtoto akiwa amelala kwa nusu kaputi, daktari hukata kwa zigizaga (mkato ulionyooka hujikunja ukipona na kukipinda kidole), hushusha kipande cha ngozi ya juu ya mguu kuwa sakafu ya pengo, kisha huziba palipobaki kwa ngozi ya kinena. Huichukua pembeni, maana ile ya karibu na sehemu za siri huja kuota nywele mtoto akibalehe. Vidole vitatu vikiwa vimeshikana, hafungui pande zote mbili za kidole cha kati siku moja, kisije kikakosa damu. Upande wa pili husubiri miezi kadhaa.

Kabla ya nusu kaputi, kwa kawaida chakula, uji na maziwa ya kopo husimama saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Fuateni saa mtakazopewa wodini, na bibi aliyekuja kusaidia aambiwe pia. Kipande kimoja cha andazi kinaweza kuahirisha upasuaji, kwa sababu mtoto akitapika usingizini chakula huingia mapafuni.

Siku 5 za kwanza ndizo za kulinda. Ngozi iliyopandikizwa bado haijashikana na mishipa ya chini yake, inaishi kwa majimaji ya kidonda. Damu ikijikusanya chini yake, au mguu ukitikisika ikateleza, inakufa. Mguu ukae juu ya mto, mtoto abebwe, asikanyage kwa takriban wiki 2. Anayetoka Liwale au Newala ni afadhali atafute ndugu wa kukaa kwake mjini hadi bendeji ya kwanza ifunguliwe, siku ya 7 hadi 10, kuliko kuning'iniza mguu kwenye bodaboda. Vidole huachwa ncha nje: bonyeza ukucha uache, wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Ukucha ukiwa mweupe au wa bluu na kidole cha baridi, rudini saa hiyohiyo, hata usiku. Harufu mbaya, usaha au homa, vilevile. Ngozi mpya kuwa nyeusi juujuu na kubambuka kidogo ni kawaida.

Tungependelea upasuaji ufanyike kabla ya msimu wa korosho, mama akiwa na nafasi ya kukaa na mtoto. Kidonda kikiwa kibichi msikipake majivu, wala mafuta ya ganda la korosho, ambayo huunguza hata ngozi nzima. Kikishafunga kabisa, sugueni kovu kwa mafuta ya nazi au vazelini dakika 5 asubuhi na jioni kwa miezi kadhaa. Pengo likiwa ni lile la kidole gumba, ndala zisubiri, mkanda wake unasugua palepale. Na mrudini kliniki kila mwaka hadi mtoto amalize kukua, kwa sababu ngozi ya pengo hupanda polepole kuelekea ncha ya vidole, na wengine huhitaji kurekebishwa tena.