Kambi ya vijana Lushoto mwezi wa saba: usitume pesa kabla hujalala pale

Usitume hiyo pesa Ijumaa.

Salamu baadaye. Mleta uzi, umesema mna vijana 40 wa usharika, mnatoka Dar kupanda Lushoto wiki ya Sabasaba kwa mafungo ya siku tano. Kambi mmeshaikagua tangu mwezi wa pili, "mandhari safi, vyumba visafi, mhudumu mkarimu", na sasa unauliza habari za gari, chakula, michezo, na kama bei mliyopewa kwa kichwa ni halali. Nilipofika hapo kwenye "mwezi wa pili" nikaweka kikombe cha chai chini. Mwaka 2019 mimi ndiye nilikuwa wewe, hadi huyo mhudumu mkarimu.

Sisi nasi tulikagua, msidhani nililipa kama mtu aliyelogwa. Tulikwenda watatu: mimi katibu, mhazini na mama mlezi. Mwezi wa pili, saa saba mchana, jua limetulia juu ya milima, kaupepo kanapuliza kama feni ya bure. Tukaletewa wali kuku na sahani ya maplamu. Tukaonyeshwa bweni: vitanda vya deka vimepangwa, kila kimoja na blanketi limekunjwa vizuri miguuni. Madirisha ni ya luva, vioo vinne vitano havipo. Mhazini akasema, "Hewa inazunguka vizuri." Sentensi hiyo namkumbusha mpaka leo, hata kwenye misiba. Juu ni bati tupu, hakuna silingibodi. Tukaona ni unyenyekevu wa Kikristo huo. Tukapiga picha, tukaomba, tukateremka Mombo kabla ya jioni, na wiki hiyo hiyo nikatuma nusu ya pesa.

Halafu kuna mzee mmoja wa kanisa letu, sitamtaja, maana Jumapili anakaa benchi la mbele yangu. Huyu ndiye aliyetuelekeza kule. "Kijana, pale ni Ulaya ndogo. Nimelala pale siku tatu, sikutaka kurudi." Nikamwamini, mtu mzima, mvi zote zile. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba alilala na mkewe kwenye nyumba ya wageni ya juu, yenye dari, mapazia mazito, hita ya umeme na mablanketi mawili mawili. Bweni la vijana hakulikanyaga. Na mzee hakudanganya, kule ni Ulaya kweli, ila Ulaya ya mwezi wa kumi na mbili.

Sasa niwapeleke usiku wa kwanza, maana hela yote iliishia hapo.

Tulifika jioni, vijana 46. Mombo walikuwa wamevua mashati kwa joto, wanagombania maji ya baridi dirishani. Kilomita 33 za kona baadaye, wanashuka kwenye gari wamejikumbatia. Wajerumani hawakuwa wajinga kuuita mji ule Wilhelmstal na kukimbilia huko, na wamisionari waliofungua kituo Mlalo mwaka 1891 hawakuupanda mlima ule kwa bahati mbaya. Walikuwa wanatafuta baridi ya kwao. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kambi nyingi ziko juu ya hapo. Mwezi wa pili huoni tofauti. Mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka hadi nyuzi 10 hivi, na ukungu unaingia ndani kama mgeni mwenye ufunguo wake. Unaingilia wapi? Kwenye zile luva za mhazini.

Kwenye fomu ya vitu vya kubeba mimi kwa mkono wangu niliandika: Biblia, daftari, ndala, shuka mbili, nguo za michezo. Sweta sikuandika. Mtu wa Mbagala sweta anaijua kwenye sare ya shule. Kuna kijana alikuja na kaptura tatu na fulana za mpira, basi.

Saa nne usiku taa zikazimwa. Saa tano nikasikia vitanda vinasogezwa. Lile blanketi lililokunjwa vizuri, nililifungua nikaliinua mbele ya tochi ya simu: nikauona mwanga, nikaona na vidole vyangu. Godoro limebonyea katikati, mgongo unahesabu chaga. Saa sita wavulana wamelala watatu watatu kitanda kimoja, suruali juu ya suruali, soksi wamevaa mikononi. Wengine wamehamia jikoni kuzunguka mafiga, mpishi amekasirika kwamba kuni za kesho zinaisha.

Saa saba kasoro mama mlezi akanigongea. "Katibu, inuka. Binti mmoja kifua kimembana." Ana pumu, na kwenye fomu ya afya mama yake alikuwa ameandika wazi kabisa. Fomu niliisoma? Niliisoma, nikaiweka kwenye faili. Dereva wetu alishateremka kulala mjini na gari. Nikamtafuta mlinzi, namwomba mablanketi ya ziada. Akaniambia, kwa upole kabisa: "Yapo, mwalimu. Yako stoo. Lakini yale ni ya wageni wa juu, yanalipiwa mbali, na ufunguo anao meneja, ameenda Korogwe."

Yapo stoo! Mita ishirini kutoka kwenye mtoto anayehangaika kupumua.

Aliyetuokoa ni kijana wa kijijini aliyekuwa anapakia karoti kwenye pikapu, mzigo wa kuwahi malori ya Dar. Binti na mama mlezi wakakaa mbele. Mimi nikapanda nyuma juu ya magunia ya karoti, nimejifunika turubai, kona kwa kona hadi hospitalini, nasali sala ambazo kwenye kitabu cha liturujia hazimo. Binti akawekewa mashine ya mvuke, kufikia alfajiri alikuwa anacheka. Mimi meno yaliendelea kugongana mpaka saa tatu asubuhi.

Nikarudi kambini nikakuta bweni linanyesha. Mvua nje hakuna. Pumzi za watu ishirini na tatu zimepanda zikagota kwenye bati la baridi, sasa zinadondoka tone tone juu ya Biblia na madaftari. Silingibodi, ndugu zangu, ina kazi. Na somo la asubuhi, Mchungaji alikuwa ameliandaa tangu Dar bila kujua: tanuru la moto la Shadraka, Meshaki na Abednego. Sijawahi kuona vijana wanalitamani tanuru namna ile.

Siku hiyo tukateremka sokoni tukanunua mablanketi 46, shilingi 12,000 kila moja. Piga mwenyewe: 552,000. Hela ilitoka wapi? Kwenye nyama, ikageuka maharage siku nne mfululizo, na kwenye safari ya kwenda Irente kuangalia lile jabali na tambarare ya chini, ambayo vijana waliisubiri miezi mitatu. Tulirudi Dar tunadaiwa na mwenye gari. Kwenye kikao cha baraza niliulizwa, "Katibu, mablanketi ni mafungo?" Nikakosa jibu, na yule mzee wa Ulaya ndogo alikuwa anatazama dari. Kanisani kwetu dari ipo.

Kwa hiyo, mkuu, kukagua mchana si kukagua. Kalale pale. Alhamisi hii wewe na mlezi mmoja pandeni basi la asubuhi pale Mbezi, jioni mko Lushoto. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni kama bei ya mablanketi yangu kumi. Wakiwakaribisha nyumba ya wageni, mkatae kwa adabu. Laleni bwenini, vitanda vile vile vya vijana, blanketi lile lile mnalopewa, bila kuongeza lenu. Saa sita usiku kaulize ufunguo wa stoo anao nani na analala wapi. Saa kumi na moja alfajiri amka ukaoge. Sisi maji ya moto yalikuwa pipa moja la lita 200 kwa watu 46, gawanya uone kila mtu anapata vikombe vingapi. Ukitoka hapo bado unataka kulipa, lipa, na idadi ya mablanketi kwa kila kitanda iandikwe kwenye mkataba kwa tarakimu. Wakisema bweni limefungwa mpaka msimu, umeshapata jibu lako.

Bei mliyopewa sijui kama ni ghali, maana hujasema ndani yake kuna nini. Gari: chukueni Kosta mbili, msichukue basi kubwa, ile njia ya udongo ya mwisho ikiloa basi kubwa haligeuki, na dereva alale kambini. Chakula viazi na mboga viko tele, msibebe kutoka Dar. Michezo uliuliza nini vile? Wachezesheni mpira, watapata joto.

Yale mablanketi bado yako stoo ya usharika, hapa Dar hayana mteja. Nitumie ujumbe, njoo na gari uyachukue yote 46. Urudishe yamefuliwa.