Unayeanza kufanyia kazi nyumbani, panga kwanza saa ya kufunga

Anayeanza kufanyia kazi nyumbani huuliza aanze saa ngapi. Swali lenye faida zaidi ni afunge saa ngapi. Ofisini kuna mlinzi anayetaka kufunga geti, kuna foleni ya jioni inayotisha, kuna wenzako wanaobeba mikoba na kukuaga. Nyumbani hakuna hata kimoja cha hivyo. Kompyuta iko mezani, simu iko mkononi, na kazi haina mlango wa kutokea.

Wengi huogopa uvivu. Kinachowapata hasa ni siku iliyotanuka: kazi ya saa 8 inasambaa ndani ya saa 15. Nusu saa kabla ya chai, saa mbili baada ya kutoka sokoni, kikao cha jioni, kisha "nimalizie kidogo" saa 5 usiku. Ukijumlisha, kazi haikuwa nyingi. Ila mapumziko nayo hayakuwepo, maana kila ulipokaa ulikuwa na kiporo kichwani.

Kwa hiyo kabla ya kununua kiti au kupanga ratiba nzuri, pima. Kwa siku saba andika namba tatu kwenye daftari: saa uliyogusa kazi mara ya kwanza (kujibu ujumbe ukiwa kitandani kunahesabika), saa uliyoigusa mara ya mwisho, na jumla ya saa ulizofanya kazi kweli. Kati ya ile ya kwanza na ya pili ndiko kuna upana wa siku yako. Saa 8 za kazi ndani ya upana wa saa 9 au 10, uko vizuri. Ukifika 12 umegusa ukingo. Ukizidi hapo, kuongeza bidii hakutasaidia. Kuna mahali panavuja.

Hiyo 12 ina msingi wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na saa 24 mfululizo kila wiki. Saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Yale mapumziko ya saa 12 yanaweza kushushwa hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi, na siku ya kazi iwe na pengo la saa 3 au zaidi katikati. Kifungu hicho kisome kabla hujakubali zamu ya vipande viwili. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mameneja wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu wamewekwa kando ya masharti haya ya saa. Na kama unalipwa kwa ankara kama mkandarasi, usitegemee sheria hii ikubebe. Mpaka wako ni ule ulioandikwa kwenye mkataba, basi.

Wanaofanya kazi na Marekani ndio wanaotanuka zaidi, kwa sababu asubuhi yao ni jioni yetu. Saa 3 asubuhi ya New York ni saa 10 jioni Dar es Salaam na Nairobi wakati wa kiangazi chao, na saa 11 jioni wakati wa baridi. Ukikubali kufuata siku yao nzima mpaka wanapofunga, utafunga saa 6 usiku au saa 7 usiku. Usikubali hivyo kirahisi. Kazi nyingi za uhasibu, programu, tafsiri na kugeuza sauti kuwa maandishi hazihitaji mkae pamoja saa 8. Zinahitaji saa 3 au 4 za kukutana. Omba 4, uzitaje kwa namba, halafu panga zilizobaki kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kufunga.

Tuseme ni wakati wa baridi kwao, na mnakutana kuanzia saa 11 jioni hadi saa 3 usiku. Umefunga saa 3 usiku. Hesabu 12, hutakiwi kuigusa kazi kabla ya saa 3 asubuhi. Hapo una njia mbili. Ya kwanza: saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, pengo la saa nne, kisha jioni. Hii inamfaa mwenye watoto wanaorudi shule mchana, lakini imejaza upana wote, kwa hiyo kuchelewa nusu saa tu kunaivunja. Ya pili: saa 6 mchana hadi saa 10, saa moja ya kula na kunyoosha mgongo, kisha jioni. Upana ni saa 9 tu na asubuhi yote ni yako. Asiye na sababu nzito achukue ya pili. Asubuhi ndipo benki, hospitali, soko na fundi vinapopatikana, na jua bado halijawa kali kwa anayetaka kutembea.

Muislamu akumbuke kwamba Magharibi huangukia katikati ya saa hizo za kukutana. Usisubiri kuomba ruhusa kila siku. Weka nusu saa kwenye kalenda kama kikao kinachojirudia, na mwezi wa Ramadhani uirefushe ili futari isiliwe mbele ya kamera.

Saa zenyewe zina mitego miwili. Mmoja ni wetu: ukimwandikia mgeni "saa kumi" kwa mazoea, yeye ataisoma kama saa nne asubuhi. Andika 16:00, na utaje ni saa za Afrika Mashariki. Wa pili ni wao: Marekani husogeza saa zao (mbele kwa saa moja, kisha nyuma) Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Sisi hatusogezi. Mwenye wateja pande zote mbili huwa na wiki mbili au tatu za Machi, na moja mwishoni mwa Oktoba, ambapo vikao vinagongana bila mtu kukosea. Kikao kilichowekwa kwa saa za New York kitahama kwenye kalenda yako, ulichokiweka kwa saa za Dar kitahama kwao. Kagua wiki moja kabla.

Sasa watu wa nyumbani. Asubuhi yako iliyo wazi, kwao ni dalili kwamba huna kazi. "Si upo tu?" Nenda kajaze gesi, mpokee fundi, msubiri mtoto kwenye basi la shule. Kila ombi ni dogo, dakika 20, lakini ukitoka kwenye kazi ya kufikiri mara nne kwa dakika 20 hujapoteza saa moja na dakika 20. Umepoteza nusu siku, kwa sababu kila unaporudi unaanza kutafuta ulipoishia. Kulalamika kwamba hawakuelewi hakusaidii. Wape neno wanalolijua. "Niko online" halina uzito. "Niko zamu mpaka saa 10" kila mtu analielewa, maana mtaani kuna nesi, kuna askari, kuna mlinzi, na hakuna anayemtuma aliye zamuni. Mkubwa usimkatae, mpe saa: "Shikamoo mama. Niko zamu mpaka saa 10, nikitoka nakuja tuyamalize." Halafu saa 10 nenda kweli. Ukimdanganya mara mbili, neno zamu limekufa.

Kwa watoto wadogo maneno hayatoshi, tumia kitu cha kuonekana. Kanga iliyotundikwa mlangoni: ikiwepo hakuna kuingia, ikitolewa karibu. Itoe kila unapopumzika, la sivyo itakuwa pambo.

Umeme na intaneti watu huviweka kwenye gharama, lakini ndivyo vinavyotanua siku kuliko chochote. Umeme umekatika saa 8, umerudi saa 11, nawe unasema "nitafidia usiku". Modemu nyingi za nyumbani zinakula wati 8 hadi 12. UPS ndogo (betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika) ya volti 12 yenye mAh 10,000 (namba hiyo huhesabiwa kwa volti 3.7) ina takriban wati-saa 37, toa zinazopotea njiani, utapata kama saa 3 kwa modemu ya wati 10. Pamoja na betri nzima ya kompyuta, hiyo inatosha kumaliza kikao. Kabla ya kununua, angalia volti na ukubwa wa pini nyuma ya modemu, kwa sababu ya volti 9 na ya volti 12 zinafanana kwa macho. Bando nalo: kikao cha video hula kati ya nusu GB na zaidi ya GB 1 kwa saa, cha sauti peke yake chini ya MB 100. Zima video bando likiwa dogo. Weka pia orodha ya kazi tatu zisizohitaji intaneti. Na umeme ukikatika zaidi ya saa moja, toa taarifa na usogeze kazi moja kesho. Saa ya kufunga isiguswe.

Meza iwe na kimo cha sentimita 72 hadi 75, ukingo wa juu wa kioo cha kompyuta uwe usawa wa macho, miguu ikanyage chini au juu ya kigoda. Kitandani usifanyie kazi, hata kama unaishi chumba kimoja. Geuza meza ili kitanda kiwe mgongoni.

Kufunga kwenyewe kunachukua dakika 15, na wengi hukuruka. Andika mistari mitatu: kilichokamilika, kilichokwama na kinamsubiri nani, na kitu cha kwanza cha kesho. Huo wa tatu ndio unaonyamazisha kichwa. Toka kwenye WhatsApp ya kompyuta, zima, chomoa chaja, ingiza kwenye begi, begi kabatini. Toka nje utembee mpaka dukani na kurudi. Daladala ilikuwa inakupa nafasi hiyo bila wewe kujua. Kazi ikae kwenye laini yake ya simu, na makundi yake yanyamazishwe moja kwa moja, si kwa saa 8 tu. Kwa dharura mwambie bosi apige mara mbili mfululizo: simu za Android zina mpangilio unaoruhusu mpigaji aliyerudia ndani ya dakika 15 apite hata ukiwa umezima usumbufu.

Wiki mbili za mwanzo ni za kuangalia sana. Mgeni kazini hutaka kuonekana, anajibu saa 5 usiku, anashukuriwa. Mteja hakukulazimisha, umemfundisha. Ukiacha kujibu hivyo ukifika mwezi wa tatu kazini, ataona umelegea. Bora jibu la kwanza la kila asubuhi liwe la haraka kuliko la mwisho la usiku.

Likizo nayo husahaulika, kwa kuwa "si nipo nyumbani". Ni siku 28 kwa mwaka Tanzania, siku 21 za kazi Kenya. Zichukue ukiwa umekabidhi kazi kwa maandishi, kompyuta ikiwa kabatini. Na ukiumwa sema unaumwa, ulale. Homa hailegei kwa sababu meza iko hatua nne kutoka kitandani.