Kasumba ya utotoni kwenye jopo la usaili

SWALI: Nimekua nikisikia nyumbani kwamba watu wa jamii fulani ni wezi. Najua si kweli. Lakini nikiwa kwenye jopo la usaili, akiingia mwombaji wa jamii hiyo, nashtukia nimeshamtilia shaka hata hajaketi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, wengi hukosea kwa kuikemea fikra isije. Ukijikataza kuwaza jambo, akili hubaki ikilichungulia, na likirudi huja na nguvu zaidi. Iache ije, uitambue kuwa ni ile ya nyumbani, kisha urudi kwenye karatasi iliyo mbele yako. Kasumba ya miaka 20 haing'oki kwa wiki mbili, na waombaji hawawezi kukusubiri upone. Kwa hiyo jukumu lako la kwanza ni kuizuia isiingie kwenye uamuzi.

Kabla ombi la kwanza halijafunguliwa, andikeni vigezo 4 au 5 na uzito wa kila kimoja. Kwenye mchujo, mtu asiye mjumbe afiche majina, picha na mahali pa kuzaliwa, awape waombaji namba. Siku ya usaili sura haifichiki tena, basi wote waulizwe maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na kila mjumbe aandike alama zake, 1 hadi 5, kabla mtu hajafungua mdomo. Mwenyekiti akitangulia kusema "huyu simwelewi", kalamu za wengine humfuata.

Panapoharibika ni kwenye vigezo visivyopimika. "Anaendana na sisi" ni kichaka cha kujificha, kifuteni. Tena kuna ujanja wa kubadili vigezo mkishawaona watu: leo uzoefu ndio muhimu kwa kuwa mliyempenda anao, kesho ni cheti.

Kuhusu kuchangamana na watu wa jamii hiyo ili kasumba ipungue, kukaa pamoja tu hakutoshi. Mwaka 1954, kambini Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwagawa wavulana 22, wa miaka 11 hivi, makundi mawili, wakawashindanisha hadi wakachukiana. Kuwalisha ukumbi mmoja kuliishia kwa kurushiana chakula. Walianza kupoa walipopewa shida zisizotatulika na kundi moja peke yake: maji ya kambi kukatika, lori la chakula kugoma kuwaka. Lori walilivuta wote kwa kamba, ileile waliyokuwa wakishindania kuvutana. Nawe tafuta kazi ya namna hiyo na mtu wa jamii ile, mkiwa na hadhi sawa. Ukiwa bosi na yeye mfagizi, kasumba itazidi kunenepa.

Na nyumbani, mzee akirudia maneno yale, usimvunjie heshima wala usinyamaze. Muulize kwa upole: "Baba, huyo aliyekuibia alikuwa nani?" Mara nyingi jina halipo. Muulize watoto wakiwa hapohapo, maana ndio wanaofundishwa sasa.