Ziara ya Mazingira kwa Wanafunzi Wenye Mahitaji Maalumu: Jibu kwa Mwalimu wa Arua

Mwalimu mmoja wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliniandikia wiki iliyopita akitaka kujua namna ya kuwapeleka wanafunzi wake, baadhi yao wasioona na wengine viziwi, kwenye kituo cha elimu ya wanyamapori kule Entebbe, kwa sababu mwalimu mkuu wake anashikilia kwamba safari hiyo ni kupoteza fedha za wazazi. "Asiyeona ataona nini huko?" Ndivyo alivyoulizwa mbele ya walimu wenzake. Swali hilo nalifahamu vizuri. Nami nimeulizwa, tena na watu waliosomea ualimu.

Nilipoanza kazi baada ya kuhitimu elimu ya mahitaji maalumu katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, niliwapeleka wanafunzi kwenye kituo kimoja cha mazingira ambacho sitakitaja, na ambacho hakiko Entebbe. Tulipokelewa kwa bashasha, tukaketishwa chini ya mwembe, watoto wakagawiwa soda na biskuti. Wanafunzi wa shule nyingine waliofika saa ile ile waliongozwa kuingia msituni, na wetu wakaachwa pale pale. Mhudumu alinieleza kwa upole kwamba njia si nzuri, na kwamba watoto "wameshafurahi". Msichana mmoja asiyeona, ambaye njia nzima alikuwa akiuliza kama tutawasikia tumbili, hakuifungua chupa yake hadi basi lilipoondoka. Tangu siku hiyo sipendi kuona soda zikitangulia somo, na sioni haya kusema kwamba jambo hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, mwalimu mwenzangu, ni kwamba usiombe hisani, bali uombe somo. Kituo cha Entebbe kilianza mwaka 1952 kikiwa makazi ya wanyama walioachwa yatima, baadaye kikawa bustani ya wanyama, na leo elimu ya uhifadhi imo katika jina lake lenyewe. Kufundisha ndiyo kazi yake, na wanafunzi wako ni wanafunzi.

Nenda mwenyewe kabla ya siku yenyewe. Habari za kukusanya nauli na kuomba ruhusa sizielezi, kwani kila mwalimu anazijua. Ninachosisitiza ni kuipita njia yote kwa miguu ukiwa na kiti cha magurudumu kitupu, kwa sababu changarawe ambayo miguu yako haiihisi huyazuia magurudumu madogo ya mbele, na mlango wa choo ambao hujawahi kuufikiria waweza kuharibu siku nzima. Kisha uliza ni vitu gani vinavyoweza kuguswa. Wanyama hai waache, hasa sokwe, ambao huambukizwa mafua yetu kwa urahisi. Badala yake omba mafuvu, pembe, manyoya na ngozi iliyovuliwa na nyoka viwekwe mezani, na kila mtoto apewe muda wake.

Katika ziara moja mvulana asiyeona alipitisha kidole polepole kwenye jino la chonge katika fuvu la kiboko, kutoka shinani hadi nchani, akarudia tena, kisha akauliza mnyama anayekula nyasi ana haja gani na jino la namna ile. Mwongozaji alilazimika kutua. Akaeleza kwamba kiboko hukata nyasi kwa midomo yake, na kwamba madume huyatumia meno yale kupigania eneo lao majini. Wanafunzi wanaoona walikuwa wamelipita fuvu lile lile muda mfupi kabla, wakapiga picha na kwenda zao bila kuuliza chochote. Mwambie hivyo mwalimu mkuu wako.

Kwa viziwi tatizo ni jingine, na waongozaji wengi hawalijui. Mwanafunzi kiziwi hawezi kumtazama sokwe na mikono ya mkalimani kwa wakati mmoja. Mwongozaji akisema, "Tazameni, anavunja tawi," hadi mkalimani amalize kutafsiri tawi limeshavunjika. Kubalianeni mapema kwamba mwongozaji ataeleza kwanza, atanyamaza, na hapo ndipo watoto watatazama. Mkalimani asimame karibu na uzio, upande wa mnyama, jua lisiwe mgongoni mwake.

Wenye uoni hafifu waanzie kwa korongo nyangumi, yule ndege mwenye mdomo mfano wa kiatu. Husimama bila kutikisika kwa muda mrefu, na mtoto hupata nafasi ya kumtafuta kwa darubini bila kuharakishwa. Wenye ualbino wavae kofia pana na mikono mirefu. Wenye usonji wafike asubuhi, kabla ya umati, wakiwa na picha za vituo vyote vya ziara kwa mpangilio, kwani makelele ya sokwe huanza ghafla na huumiza.

Walimu wenzangu, niseme wazi. Tumezoea kuwaacha watoto hawa shuleni siku ya ziara na kuiita hali hiyo huruma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza ubaguzi katika elimu, na ziara ya shule ni elimu. Mwalimu anayechagua wanafunzi "wasiosumbua" anajipunguzia kazi yake mwenyewe, wala hamlindi mtoto yeyote.

Nawe wa Arua, huna haja ya kuanza na Entebbe, ambako ni safari ya karibu siku nzima. Anza na msitu wa Barifa hapo hapo mjini, ambapo watoto wanaweza kulinganisha maganda ya miti kwa viganja na kusikiliza ndege. Wafundishe pia kuhusu Ajai, hifadhi ya huko kwenu West Nile iliyokuwa na vifaru weupe kabla ujangili haujawamaliza, ili wakimfikia kifaru wa Entebbe wawe na maswali tayari. Barua kwa kituo iandike muhula mmoja kabla, ukitaja mahitaji ya kila mtoto bila kutaja maradhi yake. Mwongozaji anapaswa kujua kwamba fulani anahitaji kivuli na mwingine anahitaji kushikwa mkono kwenye ngazi. Historia zao za hospitali hazimhusu.