Je, jamii inaweza kujiendesha bila fedha?

Kwa aliyeuliza kama jamii inaweza kujiendesha bila fedha, jibu langu ni ndiyo, ila kwa gharama ambayo wengi hawaihesabu. Dola ya Inka, iliyotawala milima ya Andes huko Amerika Kusini hadi Wahispania walipoivamia mwaka 1532, haikuwa na sarafu. Kaya zilitoa zamu za kazi mashambani, barabarani au jeshini, mazao yakawekwa katika maghala ya dola, na hesabu zikatunzwa kwa nyuzi zilizofungwa mafundo na wataalamu maalumu. Mfumo huo ulilisha mamilioni ya watu, lakini uliwezekana kwa sababu kulikuwa na mamlaka iliyoamua nani afanye kazi gani na nani apewe nini.

Ndiyo maana naona swali lenye uzito zaidi ni nani atakayegawa. Katika familia au kijiji kidogo, ambamo watu hukumbuka nani alimsaidia nani, fedha hazina kazi kubwa. Tatizo huanza pale ninapohitaji dawa iliyotengenezwa na mtu nisiyemjua, ambaye naye hahitaji chochote nilicho nacho. Khmer Rouge, kundi la kikomunisti lililotwaa madaraka nchini Kamboja, walipofuta fedha mwaka 1975, walilipua hata jengo la benki kuu. Utawala wao ulipoanguka mwaka 1979, watu walianza kubadilishana bidhaa kwa kipimo cha mchele na dhahabu, kabla sarafu ya riel haijarejeshwa mwaka 1980.