Re: Reading Terminal Market, Jumapili inafaa?

Ndugu yangu, umeuliza kama Jumapili yako hapo Philadelphia inatosha kuliona soko hili. Kama ratiba inasogezeka, isogeze. Jumapili soko huwa wazi, ila wauzaji wa Kiamish, wale Wakristo wanaoishi maisha ya kizamani, wanaotoka kaunti ya Lancaster hufunga vibanda, maana kwao ni siku ya ibada, na kwangu mimi hao ndio roho ya mahali penyewe. Nenda Alhamisi au Ijumaa asubuhi. Utawakuta akina mama waliovaa vikofia vyeupe wakisokota kwa mikono unga wa preteli, ule mkate wa umbo la fundo, na ikitoka tanuri inapakwa siagi hapo hapo, bado ya moto. Ile harufu tu inakusimamisha.

Usile tu ukaondoka. Soko lilifunguliwa 1893 chini ya kituo cha treni, na treni ziliendelea kuingia juu ya vichwa vya wanunuzi hadi 1984. Ukumbi ule wa juu sasa ni sehemu ya kituo cha mikutano. Ukipata mlango wazi, panda ukalitazame lile paa kubwa la upinde.

Aiskrimu kanunue kwa Bassetts, biashara iliyoanza 1861 na imo sokoni tangu mwanzo. Kaa kwenye kaunta yao ya marumaru.

Halafu, ukienda na mwenzako saa ya chakula cha mchana, mmoja awahi viti na mwingine apange foleni. Viti vinagombewa kweli kweli.